Uzi wa Maji

Nagaoka, mwezi wa pili. Barabara ni nyekundu:
si damu, ni kutu. Mji huchota maji ya chini ya ardhi
na kuyarusha juu ya lami usiku kucha, theluji isilale,
na chuma kilichomo majini kimeipaka njia
rangi ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuishinda.
Wageni huuliza. Sisi tumezaliwa tukiiona.

Baba yangu, Tokuji, ni fundi bomba.
Jioni za baridi kali hupiga simu nyumba kwa nyumba:
"Acheni bomba lichuruzike. Uzi tu, kama wa kushonea.
Maji yanayotembea hayagandi."
Nilikuwa na miaka miwili aliponitazama
akakosa zana.

Siku ya kwanza, homa. Siku ya pili, homa.
Siku ya tano macho mekundu bila tongotongo,
midomo imepasuka, ulimi kama stroberi,
viganja vimetuna hata kijiko hakishikiki.
Mama aliandika yote kwa penseli katika daftari la kliniki,
nyuzi thelathini na tisa, nyuzi arobaini, nukta moja,
na mahali pamoja hakuandika namba. Aliandika:
Bado analia. Afadhali analia.

Wakanitundikia dripu ya kingamwili
iliyochujwa kutoka damu ya maelfu ya watu,
nisiyemjua hata mmoja:
pengine dereva wa treni, pengine muuza tofu,
pengine yule aliyempiga baba ngumi shuleni.
Homa ikashuka. Wiki ya pili ngozi ya vidole ikabambuka
kama ganda la kitunguu. Kwa nje, nikawa mpya.

Ndani, mshipa unaoulisha moyo ulikuwa umefanya tumbo,
milimita sita mahali pa mbili.
Baba akaomba achorewe.
Akaikazia macho ile karatasi, kisha akasema,
"Hapa ndipo damu itakapozembea."
Daktari Isurugi akaweka kalamu chini.
"Ndivyo hasa," akasema, na kuandika aspirini,
kipande kidogo, kila asubuhi.

Miaka ikaenda. Tumbo la mshipa likanywea.
Watu wakasema: umepona.
Picha ikasema: umenywea.
Si neno moja. Ukuta uliowahi kuungua
hupigwa lipu, hupakwa rangi, hutundikwa kalenda;
ugonge kwa kifundo cha kidole, usikilize.

Mpaka miaka ishirini na tisa nilikuwa bado kliniki ya watoto,
magoti yakigusa kidevu juu ya kiti cha plastiki,
twiga wa ukutani akinitazama kama mwalimu aliyechoka.
Kisha wakanihamishia kwa wakubwa:
wazee watupu, na magazeti ya mbio za farasi.
Mmoja akaniuliza, "Umemleta baba?"
"La," nikasema. "Nimejileta."

Mwaka huu nimemleta.
Sabini na tatu, sigara za miaka arobaini, mshipa uleule, wa kushoto.
Wamempachika kijibomba cha wavu wa chuma,
chembamba kuliko wino wa kalamu.
Fundi bomba katiwa bomba. Hakucheka
mpaka nilipocheka mimi.
Nikamfunza: presha kabla ya chai,
supu ya miso nusu bakuli, usiruke siku,
na usijiambie "sisikii kitu",
maana mimi sijasikia kitu kwa miaka thelathini na miwili.
Akauliza, sauti ya chini, "Huogopi, Chizuru?"
Sikujibu. Nilikuwa nahesabu vidonge vyake.

Usiku huu redio imesema nyuzi nane chini ya sifuri.
Nimemsikia akiamka, soksi zikiburura sakafuni,
bomba la jikoni likifunguliwa, uzi mmoja.
Nimelala chali, vidole viwili juu ya kiwiko cha mkono,
pale panapodunda.
Nje gari la theluji linapita polepole
juu ya ule wekundu.